Sura ya Saba: Uzi wa Utumbo

"Ni panya," alisema Sista Filda. "Hii uzi ilikuliwa na panya, afande."

Inspekta Lemi alisimama katikati ya stoo ya chumba cha upasuaji akiitazama rafu tupu, kisha akamtazama yeye. Filda alikuwa mama wa makamo, msimamizi wa chumba hicho katika hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa nje ya mji wa Arua, kando ya barabara ya Aroi, na kanisani alikaa benchi la mbele. Mtu wa namna hiyo akisema uongo huonekana mapema, kwa sababu hana mazoezi.

"Panya," Lemi alirudia.

"Unajua hii uzi ya kushona mgonjwa ndani ni ya utumbo ya kondoo. Inanukia nyama. Panya inapenda sana."

"Mbona bendeji zipo salama? Pamba ipo salama. Sabuni hii hapa, na panya anapenda sabuni kuliko mimi ninavyopenda chai."

Filda alikunja mikono kifuani akatazama dirishani.

Kesi yenyewe haikuwa na mambo mengi, na ndiyo maana Lemi alikuwa ameikimbilia kama mtu anayeteremka mlima. Kamisi, dereva wa lori, Mnubi wa Koboko, alikuwa ameletwa hospitalini hapa utumbo umejisokota. Akapasuliwa, akazinduka, akaomba uji. Siku chache baadaye akakohoa, kidonda kikafumuka chote, akafa kabla hajafikishwa tena mezani. Ndugu zake walipomwosha waliona jambo lisilohitaji elimu: tumboni, ndani kabisa, marehemu alikuwa ameshonwa kwa uzi mweusi wa cherehani, ule ule wa kushonea suruali. Na mmoja wa ndugu hao alikuwa kapteni jeshini. Kapteni alikuja kituoni Arua, hakuketi, akasema neno moja tu: hujuma.

Kabla jua halijazama Lemi alikuwa ameshampata mtu. Jale, dresa, yaani msaidizi wa kufunga vidonda katika chumba cha upasuaji, alikuwa na ufunguo wa stoo, na alikiri bila kubanwa kwamba ndiye aliyelifunga tumbo la marehemu kwa uzi wa fundi nguo. Uzi wa hospitali ulikuwa umekwisha, alisema. Nani aliumaliza? Hapo Jale alifunga mdomo. Lemi akajijazia mwenyewe: magendo. Mpaka wa Zaire uko hapo tu, na mwaka huo hata dawa ya minyoo ilivuka usiku na kurudi ikiwa sukari. Akamtia Jale pingu, akamtembeza katikati ya soko la Arua siku ya gulio, watu wakimtemea mate, maana kila mtu alikuwa na ndugu aliyewahi kulala katika wodi ile. Lemi alijiona amefanya kazi safi. Leo, kabla ya alasiri, gari la jeshi lingekuja kumchukua Jale, na waliochukuliwa na gari hilo hawakuwa na desturi ya kurudi kuulizia nguo zao.

Ila jana alikuwa amekwenda kuipekua nyumba ya Jale. Hakuna redio. Hakuna hata godoro la maana. Mtu wa magendo asiye na godoro! Tangu hapo Lemi hakuwa na raha.

"Sista, uzi huo huletwa ndani ya nini?"

"Ndani ya boksi."

"Na ndani ya boksi?"

Filda hakuwa na njia. Alivuta droo akatoa kichupa chembamba cha kioo, kirefu kama kidole, kilichozibwa pande zote mbili. Ndani yake uzi wa rangi ya chai hafifu ulikuwa umejikunja katika maji ya spiriti. Ndicho kilichokuwa cha mwisho, akaeleza, amekificha kwa ajili ya mama yeyote atakayeletwa na mtoto aliyekwama.

Lemi alikiinua kwenye mwanga. "Panya wenu wana meno mazuri sana. Nionyeshe shimo mnalotupia vioo."

Shimo lilikuwa nyuma ya jiko, limefunikwa kwa bati. Lemi alivua koti, akapiga magoti, akachokora kwa kijiti. Kwanza sindano zilizokatika, kisha chupa za dawa. Halafu akafikia vichwa vya vichupa: vingi, vimekatwa vizuri kwa tupa, mahali pamoja, kama vilivyoletwa na mtu kwa fungu.

Mtu wa magendo hakati vichupa. Uzi ukitolewa kwenye spiriti hauna kazi tena kwa daktari yeyote, awe wa Uganda au wa Zaire. Aliyevikata aliutaka uzi wenyewe, wala hakujali kama ni safi. Kwa hiyo hapakuwa na magendo, hapakuwa na Zaire, na yale mate ya sokoni yalikuwa yametemwa bure. Aibu ilimpanda Inspekta kuanzia shingoni mpaka masikioni, na akashukuru kwamba alikuwa ameinama.

"Wagonjwa wangapi wa tumbo mmeshona mwezi huu, Sista? Hawafiki idadi ya vioo hivi."

"Afande, wewe acha hii maneno."

"Niache nini?"

"Jale ni mutu moja." Sauti yake ilishuka. "Sisi tunalia kwa ajili yake, Mungu anaona. Lakini dresa tunaweza kufundisha mwingine. Daktari iko moja. Wale Wazungu walienda, wale Wahindi walifukuzwa, wengine wakakimbia Nairobi. Nani atapasua watu? Wewe fikiri kwanza."

Lemi alisimama akapangusa magoti. "Mimi sikukuuliza habari za daktari," alisema.

Filda alijifunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

*

Dakta Ocama hakuwa mtu wa kusemwa vibaya, na Lemi alikuwa wa mwisho kutaka kufanya hivyo. Tumboni mwake mwenyewe, upande wa kulia, alikuwa na kovu dogo nadhifu la Ocama. Daktari huyo alipasua kuanzia alfajiri, akala amesimama, akapasua tena mpaka taa zilipozimika. Lakini kila Jumamosi mchana alivua koti jeupe, akaingia kwenye gari lake kuukuu, akaenda Koboko. Huko alikuwa na bendi ya adungu, yale magitaa ya shingo ya upinde yanayopangwa kutoka dogo la kupakatwa hadi kubwa la kukaliwa. Hakuwa mtu wa kujifurahisha tu. Aliyachonga mwenyewe, akayawamba ngozi mwenyewe, na wapigaji wake waliogopa sikio lake kuliko wauguzi walivyoogopa macho yake. Wanubi, Wakakwa na Walugbara waligombea kupata bendi hiyo kwenye arusi zao. Kwa nini Koboko na si Arua? Kwa sababu Arua wangemfuata na machela hata katikati ya wimbo.

Leo ilikuwa Jumamosi, na Lemi aliendesha Landrova kwenye barabara ya vumbi ya Koboko akizidi kukanyaga mafuta. Kichwani alikuwa na swali moja la kiaskari: siku ile Kamisi aliposhonwa, ilikuwa siku gani? Alijua jibu kabla hajafika. Nayo ilikuwa Jumamosi.

Bendi ilikuwa imekaa uani, nyuma ya nyumba ya kupanga karibu na soko la Koboko. Ocama, mrefu, mwembamba, miwani puani, alikuwa ameinamia adungu kubwa akikaza kigingi. Alipomwona Lemi alitabasamu kwa furaha ya kweli, na hilo lilizidisha ugumu.

"Lemi! Kovu linasumbua?"

"Kovu ni zima, Daktari. Nataka kusikiliza."

"Keti basi. Taban, mpe kiti."

"Nataka kusikiliza hilo kubwa peke yake."

Ocama aliwatazama wapigaji wake. Kisha akapitisha kidole kwenye uzi wa chini. Sauti ilitoka nene, tamu, ikakaa hewani muda mrefu, na hata Lemi, mtu asiyejua muziki, alielewa kwamba adungu za wengine hazisemi hivyo.

"Nyuzi hizi za juu?"

"Ni za kuvulia samaki. Zinatoka Rhino Camp, kwa wavuvi wa Nile."

"Na hizi za chini?"

"Utumbo. Wazee walitumia mishipa na utumbo. Mimi nimerudi kwa wazee."

"Utumbo. Nani amekuchinjia?"

Lemi aliinama, akashika ncha ya uzi iliyobaki baada ya fundo. Ilikuwa ya rangi ya chai hafifu, na ilikuwa bado imejikunja, kwa maana ilikuwa imelala muda mrefu mahali pembamba. Akaipeleka puani. Spiriti.

"Waambie vijana wako wakanywe chai," alisema.

Walipobaki wawili, Ocama alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Lemi alikuwa amewahoji wezi na wauaji, lakini hakuwahi kumhoji mtu aliyewahi kuutazama utumbo wake. Alijikaza.

"Umesikia aliyekamatwa?"

"Nimesikia Jale. Nikadhani mtamwachia. Kosa la kushona vibaya si la jela."

"Hakukamatwa kwa kushona. Amekamatwa kwa kuiba uzi. Nimemkamata mimi. Leo anapelekwa kambini."

Daktari akaketi juu ya kigogo, polepole.

"Boksi la kwanza lilikuwa limepita muda wake," alisema. "Tulikuwa tulitupe. Nikaona ni dhambi kulitupa. Nikalijaribu hapa. Lemi, hukuwahi kusikia sauti kama ile."

"Boksi la kwanza. Kuna la pili?"

"Uzi wa zamani hauna nguvu. Ulikatika."

"Ukachukua mzima."

"Nikachukua mzima. Mengine yalikuwa yanakuja kutoka Kampala."

"Yalikuja?"

"Siku hizi kila kitu kinakuja. Hakifiki."

"Siku ya Kamisi, nani alipasua?"

"Mimi. Utumbo niliukunjua mwenyewe, ulikuwa mweusi, nikauona unarudi rangi. Ilikuwa kazi nzuri." Alisema hivyo kwa haraka, kisha akaona haya kwa kuisema. "Kufunga nilimwachia Jale. Siku zote humwachia. Nimemfundisha mimi, anafunga vizuri kuliko wanafunzi wa udaktari wa Mulago, Kampala."

"Afunge kwa uzi gani?"

Ocama aliifuta miwani tena.

"Daktari, ulijua rafu ni tupu. Uliyeimaliza ni wewe. Ulipovua glovu ukamwambia Jale afunge, ulidhani atafunga kwa uzi gani?"

"Sikuuliza."

"Na yeye hakukwambia?"

"Aliniita. Nilikuwa mlangoni. Akasema, 'Daktari, kuna kitu kidogo.' Nikamwambia malizeni." Ocama aliitazama mikono yake. "Kulikuwa na arusi. Nilikuwa nimechelewa."

Lemi alijua mambo yalivyokuwa baada ya hapo, bila kuambiwa. Filda alichemsha uzi wa fundi, akauchemsha tena kwa kuogopa uchafu, ukalainika mpaka ukakosa nguvu. Jale alishona. Hakuna aliyekwenda kumsumbua mkubwa, maana mkubwa hasumbuliwi, na mkubwa mwenyewe alikuwa amewazoesha hivyo. Na askari alipokuja, wote wakanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo ilikuwa inampeleka Jale kambini.

"Bila hizi," Ocama alisema, mkono juu ya adungu, "ningekuwa nimeacha upasuaji zamani. Napasua mpaka siwaoni watu, naona matumbo. Jumamosi ndiyo yangu. Ndiyo inayonirudisha Jumatatu."

"Jumamosi ni yako. Uzi haukuwa wako."

"Najua. Nilikuwa nikijua kila nilipokikata kichupa."

Hapo Lemi alifanya jambo ambalo baadaye hakulisimulia kwa mtu. Alipiga hesabu ile ile ya Filda. Dresa mmoja, daktari mmoja. Wodi imejaa. Mke wake mwenyewe, Helen, ana mimba kubwa. Angeweza kuingia kwenye gari, akafika Arua akiwa amechelewa, na mambo yakajimaliza yenyewe. Aliona aibu kubwa kuliko aliyoiona pale shimoni, kwa sababu mara hii hakuwa amekosea, alikuwa anachagua.

Ocama ndiye aliyesimama kwanza. "Kapteni yuko matangani hapa hapa Koboko," alisema. "Nipeleke."

*

Matanga ya Kamisi yalikuwa bado hayajavunjwa. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, na Kapteni katikati yao, mtu mfupi mwenye kanzu, lakini viatu vya jeshi viko karibu. Walipomwona daktari walimpisha kwa heshima, na wengine wakainuka kumpa mkono. Ocama aliwapa mkono wote. Ilikuwa vigumu kutazama.

Kapteni aliwachukua wawili hao pembeni, karibu na ukuta wa nyumba, penye dirisha lenye pazia lililofungwa. Ocama alisema yote bila kuzunguka: uzi, adungu, mlango, arusi. Lemi aliyatazama mashavu ya Kapteni akisubiri yalipuke. Hayakulipuka.

"Nani mwingine anajua?" Kapteni aliuliza.

"Sisi watatu," alisema Lemi. "Na wale wa hospitali."

"Basi. Inatosha hapo."

"Sijaelewa, afande."

"Wewe, Inspekta, iko mzuri kazi yako lakini unachimba mpaka unapita maji. Mkubwa yangu iko na jiwe kwa nyongo. Mwezi kesho anapasuliwa. Nani atapasua yeye? Wewe?" Alimshika Ocama begani, karibu kwa upole. "Daktari, ndugu yangu alikufa, ni kazi ya Mungu. Watu wanataka kuona mutu moja amelipa. Ile dresa inatosha. Wewe rudi kwa kazi."

Ocama alikuwa amekuja na aibu yake mkononi kuikabidhi, na hapakuwa na wa kuipokea. Lemi aliangalia jua. Alasiri ilikuwa imekaribia.

"Jale hakuiba, Kapteni," Daktari alisema hatimaye. "Nasema mimi ndiye."

"Mimi sikusikia."

"Mimi nilisikia, shemeji."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Kapteni aligeuka. Pazia halikufunguka, ila mlango wa kando ndio uliofunguka, na Hawah, mjane wa Kamisi, akatoka uani katika nguo yake nyeupe ya eda. Wanaume chini ya turubai waligeuka. Mjane wa siku chache hatoki mbele ya wanaume wasio wake; hata nyumba ikiungua, watu husema kwanza atanguliwe na mwanamke mwenzake. Bibi mmoja alimkimbilia na kanga amfunike amrudishe. Hawah aliusukuma mkono wake.

"Hawah, ingia ndani," Kapteni alisema kwa kunong'ona. "Unatia sisi aibu."

"Nitaingia. Kwanza nauliza daktari." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mkeka wa mwisho. "Daktari. Siku ya arusi ya ndugu yangu Asiya, wewe ulikuja na gari. Mimi nilikimbia mpaka kwa mlango ya gari. Sikwenda Arua na mume yangu kwa sababu ya arusi. Nikauliza wewe, namna gani Kamisi? Wewe ulijibu nini?"

Ocama alisimama na mikono ikining'inia. "Nilisema amelala vizuri."

"Ulisema anapumua vizuri. Ulisema umeacha yeye anacheka."

"Nilisema hivyo."

"Mimi niliambia watu yote. Nikapiga vigelegele kupita bibi arusi. Nikaleta wewe chakula na hii mkono yangu, nikanawisha wewe." Alinyoosha mkono wenyewe, wote wakauona. "Sasa nauliza neno moja tu. Wewe uliona yeye anacheka?"

Wanaume walikuwa wameinuka, mmoja mmoja, vikombe mkononi. Kapteni alitazama viatu vyake. Lemi alitamani daktari adanganye, na akajidharau kwa kutamani hivyo.

"Sikumwona," Ocama alisema. "Nilipoondoka alikuwa bado yuko mezani. Tumbo lilikuwa wazi."

Mzee mmoja alisema "Ya Rabbi" akakaa chini. Kapteni aliwatazama watu, akahesabu masikio, akaona hakuna tena la kuzika. Akamwita dereva wake.

"Kimbia kwa posti ya polisi. Piga simu Arua. Ile gari isichukue mutu. Mwambie wafungue dresa."

Dereva akaondoka mbio. Ocama alibaki pale pale, na watu waliokuwa wamempa mkono muda mfupi uliopita walimzunguka wakipita, kila mmoja akitafuta mahali pengine pa kutazama. Lemi alimsogelea akamshika kiwiko.

Hawah alimruhusu yule bibi amtupie kanga kichwani. Mlangoni alisimama, mgongo umewaelekea.

"Kumbe saa ile mimi napiga vigelegele," alisema, si kwa daktari, wala si kwa yeyote, "ndiyo wanamshona na uzi ya suruali."

Akaingia ndani, na mlango ukafungwa.